Mgeni akijibu kwa Kihispania, ulimi unakwama: mazoezi ya mazungumzo katika ulimwengu pepe

Swali: Ninaongoza watalii hapa Nakuru. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikijifunza Kihispania kwa programu ya simu. Nasoma vizuri na naandika sentensi, lakini mgeni akinijibu kwa kasi nanyamaza kabisa, naye anahamia Kiingereza. Hapa sina mtu wa kuzungumza naye Kihispania. Nimesikia watu hufanya mazoezi ndani ya ulimwengu pepe wa kompyuta, yaani mahali pa kuigiza ambapo watu hukutana na kuzungumza kwa mtandao. Nina laptopu yenye RAM ya GB 8, haina kadi maalumu ya picha, na natumia bando. Je, njia hiyo inafaa? Nianzie wapi?

Jibu:

Inafaa, dada, kwa sharti moja: usiingie humo kutembea, ingia ukiwa na kazi. Programu ya simu hukuuliza swali ambalo jibu lake limo ndani ya somo, kisha hukusubiri. Mgeni hasubiri, na hujui atasema nini. Kwa hiyo kinachokukwamisha si uchache wa maneno. Ni zile sekunde mbili za kusikia, kuelewa na kufungua mdomo kabla mwenzako hajakuhurumia na kuhamia Kiingereza. Dawa yake ni kurudia tukio lilelile na watu tofauti, na hapo ndipo ulimwengu pepe unapokufaa wewe uliye Nakuru. Unakupa watu wengi wanaozungumza Kihispania, mahali panapofanana na kazi yako, na nafasi ya kukosea bila kumpoteza mteja.

Kwa kompyuta yako, anza na Second Life. Ulimwengu huu ulifunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, akaunti ya kawaida ni ya bure, na hauhitaji miwani ya kuvaa machoni. VRChat nayo ni ya bure na huendeshwa kwenye kompyuta bila miwani, ila bila kadi ya picha itakatakata na sauti itakuja vipandevipande. Tena, wengi wa watu wake ni vijana wanaozungumza haraka na kwa misimu mingi. Utawafaidi baadaye. Kwa sasa unahitaji watu wenye subira ya kurudia sentensi, na hao utawapata kwa urahisi zaidi Second Life.

Pakua programu ya kuingilia. Iliyo rasmi inatosha, ingawa wengi hupendelea nyingine iitwayo Firestorm kwa sababu mipangilio yake ni mingi. Kabla ya kwenda popote, fungua mipangilio ya picha ufanye mambo matatu: shusha umbali wa kuona hadi mita 64, zima vivuli, na punguza idadi ya avata (yaani sanamu zinazowakilisha watu humo) zinazochorwa kikamilifu. Watu hupuuza hatua hii, wakaingia kwenye ukumbi wenye avata 30, kompyuta ikaganda, wakaamua kwamba ulimwengu pepe si wa laptopu za kawaida. Kompyuta haikushindwa na mazungumzo. Ilishindwa na nguo na nywele za avata za watu wengine.

Bando pia huliwa na picha zaidi ya sauti. Ukifika mahali kwa mara ya kwanza, kompyuta hupakua kila ukuta, mti na kiti. Ukirudi palepale kesho, sehemu kubwa huwa imekwisha kuhifadhiwa kwenye diski. Kwa hiyo chagua sehemu mbili au tatu tu uzizoee, na ongeza nafasi ya hifadhi hiyo kwenye mipangilio ili zisifutwe. Kisha pima: kaa ndani dakika 20, ufungue sehemu ya mtandao katika mipangilio ya Windows uone programu hiyo imetumia MB ngapi. Rudia siku ya pili mahali palepale. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo itakayokuonyesha bando gani ununue. Kama una rafiki mwenye Wi-Fi ya nyumbani, fanyia huko ziara ya kwanza ya kila sehemu mpya.

Kuhusu sauti, usitumie spika za laptopu hata siku moja. Sauti ya mwenzako ikitoka kwenye spika huingia tena kwenye maiki yako, naye anajisikia mwenyewe kwa mwangwi. Watu huondoka kimyakimya bila kukuambia sababu. Visikizi vya simu vyenye maiki kwenye waya vinatosha. Weka maiki kwa mtindo wa kubonyeza ndipo izungumze, hasa kama nyumba ina paa la mabati na mvua imeanza.

Sasa watu. Mtaji wako mkubwa ni Kiingereza unachokitumia kazini kila siku. Wengi katika sehemu za Kihispania wanatafuta mtu wa kuzungumza naye Kiingereza, kwa hiyo usiombe msaada, pendekeza mabadilishano: dakika 15 Kihispania, dakika 15 Kiingereza, kwa saa mkononi. Bila saa, Kiingereza kitashinda kila mara, maana ndiyo lugha inayowapa wote wawili urahisi. Unapofika mahali, andika kwanza kwenye gumzo: «Hola, soy guía en Kenia. ¿Alguien quiere practicar inglés a cambio de español?» Kumbuka kwamba maandishi ya kawaida Second Life husomwa na walio ndani ya mita 20 tu. Ukiandika ukiwa mlangoni na watu wako ndani kabisa, kimya utakachopata si cha dharau.

Saa zitakusumbua kwa namna mbili. Ya kwanza ni tofauti ya majira. Ukiingia saa tatu usiku hapa, Uhispania ni saa moja jioni wakati wa baridi au saa mbili usiku wakati wa kiangazi, watu wametoka kazini. Saa hiyohiyo Mexico City ni saa sita mchana, Bogotá saa saba, na Buenos Aires saa tisa alasiri, kwa hiyo watu wa Amerika ya Kilatini watafute Jumamosi na Jumapili. Ratiba za shughuli ndani ya Second Life huandikwa kwa saa za California. Ongeza saa 10 kupata saa zetu kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa 11 miezi iliyobaki.

Ya pili inatuhusu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Mwenzako akisema «a las tres», masikio yako yatasikia saa tatu, na yeye anamaanisha saa tisa. Hili halimalizwi kwa kulijua tu, kwa sababu ulimi hutangulia kichwa. Linahitaji kufanyiwa zoezi lake. Hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Sema kwa sauti «abre a las seis de la mañana y cierra a las seis de la tarde» mpaka namba seis itoke bila kupitia kumi na mbili. Ukipanga miadi na mtu, andika kwa mtindo wa saa 24, kama 21:00, na utaje ni saa za nchi gani.

Kiini cha mazoezi chenyewe ni tukio. Kwa kazi yako, tukio la kwanza liwe langoni na garini. Andika maswali sita ambayo wageni huuliza kweli, si yale ya kitabuni. Kwa mfano: hifadhi inafungwa saa ngapi, tutaona vifaru wapi, naweza kushuka garini, choo kiko wapi, huyo ni mnyama gani, na lile la Nakuru ambalo halikosekani: mbona flamingo ni wachache kuliko kwenye picha? Jibu la swali hili la mwisho ulijue kwa moyo, maana ndilo linalomwonyesha mgeni kwamba anazungumza na mjuzi: «El nivel del lago ha subido. Ahora el agua es menos salada y los flamencos encuentran menos comida. Por eso muchos se van a otros lagos, como Bogoria.» Yaani maji ya ziwa yamepanda, chumvi imepungua, flamingo wanapata chakula kidogo, na wengi huhamia maziwa mengine. Sentensi fupi, vitenzi vya kawaida, na sababu imeelezwa.

Mpe mwenzako maswali hayo kwa maandishi, lakini mwambie ayaulize kwa mpangilio autakao yeye, na aongeze mawili ya kwake ambayo hukuyaona. Hayo mawili ndiyo mazoezi yenyewe. Yale sita ni ya kukupa miguu ya kusimamia. Tafuta mahali penye gari, mgahawa au soko, muweke avata zenu humo, muanze. Mzunguko wa kwanza uwe wa dakika 4. Pata mtu wa pili, tukio lilelile, dakika 3. Mtu wa tatu, dakika 2. Muda unapopungua hutapata nafasi ya kutafsiri kichwani, na kwa kuwa habari tayari unaijua, nguvu yote huenda kwenye kusema. Walimu wa lugha hutumia mpango huu wa 4, 3, 2 kwa miaka mingi kuongeza wepesi wa kuzungumza. Ukikosa watu watatu usiku mmoja, fanya na mmoja, ila abadilishe nafsi: mara ni mzee asiyesikia vizuri, mara ni mama mwenye watoto wenye haraka, mara ni mpiga picha anayetaka kujua kila ndege.

Makosa yanayotokea hapa ni mawili. Wengi hubadilisha tukio kila siku kwa kuogopa kuchosha: leo hotelini, kesho hospitalini, keshokutwa uwanja wa ndege. Unapata ladha ya kila kitu na wepesi wa kitu chochote hupati. Kaa na lango na gari wiki mbili nzima. Kosa la pili ni kusoma majibu yaliyo mezani. Mwenzako husikia mara moja, kwa sababu sauti ya mtu anayesoma haina vituo mahali pake. Karatasi iwe na maneno matano tu, bila sentensi.

Kabla hujaanza tukio lolote, jaza mfuko wako maneno ya kuokolea mazungumzo. Haya yana thamani kuliko majina mia ya ndege. Ukitaka kushikilia zamu yako unapofikiri: «a ver…», «pues…», «déjeme pensar». Ukikosa kusikia: «Perdone, ¿puede repetirlo más despacio?» Ukidhani umeelewa: «¿Quiere decir que…?» kisha umalizie kwa maneno yako. Na ukisahau jina, usinyamaze, eleza. Ngiri kwa Kihispania ni facóquero, jina ambalo hata wageni wengi hawalijui. «Es como un cerdo salvaje con colmillos», yaani kama nguruwe mwitu mwenye meno marefu, itafika vizuri zaidi. Pimbi ni damán, naye anaelezeka kwa «un animal pequeño que vive entre las rocas», mnyama mdogo aishiye kwenye miamba. Mwombe mwenzako akutegee mtego: kila mzunguko akuonyeshe mnyama mmoja usiyemjua, na wewe huruhusiwi kusema jina lake kwa Kiingereza. Ukitamka neno moja la Kiingereza, mzunguko unaanza upya. Ni kanuni kali, na ndiyo inayofanya kazi.

Matamshi yana faida kubwa kwetu, na hatari moja. Irabu za Kihispania ni tano na zinasomeka kama zetu, ñ ni ile ny ya nyama, na d iliyo katikati ya irabu, kama katika lado, huelekea dh ya dhahabu. J ni kama kh ya Alkhamisi, na h haitamkwi kabisa. Hatari ni mkazo. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, na maneno mengi ya Kihispania hukubali, mpaka ufike kwenye yale yasiyokubali: hablo ni nazungumza, habló ni alizungumza, papa ni kiazi huko Amerika ya Kusini, papá ni baba. Majina ya wanyama wako yamejaa mitego hii. León, damán na animal yana mkazo mwishoni. Búfalo, pelícano na facóquero yana mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho. Ukisema bufálo, Mhispania atasita, na kusita kwake utadhani ni sarufi yako. Jifunze kila jina pamoja na mkazo wake tangu siku ya kwanza. Tenga pia dakika chache za caro na carro, ghali na gari. R ya pili huviringishwa, na kwa watu wa Nakuru ambao lugha ya nyumbani huchanganya r na l, hili ndilo la kufanyia kazi kwa bidii zaidi.

Rekodi sauti yako kwa simu iliyo mezani, upande wako tu. Kusambaza mazungumzo ya mtu bila ridhaa yake ni kinyume cha kanuni za Second Life, na sauti yako inatosha kwa kazi hii. Siku ya pili sikiliza, uandike sentensi tatu zilizovunjika, uzirekebishe, uzitumie tena kwenye mzunguko unaofuata. Tatu tu. Ukiandika ishirini hutarudi kuzisoma.

Utasikia Kihispania cha nchi nyingi, na kwa mwongoza watalii hilo ni jema. Mhispania ataliita gari coche, Mkolombia carro, Muajentina auto. Yote yatambue, wewe tumia moja. Kwa «ninyi», watu wa Uhispania huambiana vosotros, Amerika ya Kilatini ni ustedes, na ustedes inaeleweka kote, kwa hiyo ishike hiyo. Mgeni mmoja mzungumzie kwa usted, «wewe» ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu tú, ile ya kirafiki. Jihadhari na kitenzi coger. Uhispania ni neno la kila siku la kuchukua au kupanda gari, lakini Mexico na Ajentina ni tusi la chumbani. Sema tomar, uwe salama kila mahali.

Siku ambayo mtu hapatikani au bando limepungua, programu za akili unde zinazozungumza kwa sauti zinaweza kuigiza mgeni. Tatizo lake ni upole: inaelewa hata ulichokosea, inasubiri, haikukatizi. Ilazimishe tangu mwanzo: «Eres un turista mexicano con prisa. Haz preguntas cortas, interrúmpeme, no uses inglés y no me corrijas hasta el final.» Yaani iwe mtalii wa Mexico mwenye haraka, iulize maswali mafupi, ikukatize, isitumie Kiingereza, na isikusahihishe hadi mwisho. Itumie kujiandaa kwa mtu, isiwe badala yake. Njia nyingine nyepesi ni picha za barabarani za Google Maps: wewe na mwenzako mfungue Puerta del Sol, Madrid, mpigiane simu ya mtandao, naye akuelekeze hadi Plaza Mayor kwa sauti pekee. Utafuata Calle Mayor kuelekea magharibi, kisha kushoto kwa Calle de Felipe III. Halafu mgeuze, wewe uelekeze. Zoezi la «siga recto» (nenda moja kwa moja) na «gire a la izquierda» (geuka kushoto) halina mwalimu bora kuliko mwenzako anayepotea kwa sababu yako.

Usalama usiuache nyuma. Maeneo ya Second Life yana madaraja ya maudhui: ya jumla, ya wastani, na ya watu wazima. Katika mipangilio chagua ya jumla pekee. Usitoe namba ya simu, jina la kampuni unayofanyia kazi wala ratiba ya safari za wageni wako. Atakayekuomba umtumie pesa kwa M-Pesa au kwa njia nyingine, hata kwa hadithi ya kuliza, mzuie papo hapo. Mtu akianza maneno machafu, huna deni la kumweleza kwa nini unaondoka.

Vipindi vitatu vya dakika 30 hadi 40 kwa wiki vinatosha. Kipindi kimoja cha saa mbili Jumapili hakilingani navyo, kwa sababu ulimi husahau kati ya Jumapili na Jumapili. Wiki mbili za mwanzo utachoka haraka kuliko ulivyotarajia, hasa kwa kuwa avata haina uso wa kusomeka. Huoni midomo wala mikono, unategemea sikio tupu. Mwezi ukipita, wageni wa kweli watakuonekania rahisi, maana watakuwa na sura na vidole vya kuonyeshea. Ukiweza kujibu maswali sita na yale mawili ya ghafla kutoka kwa watu watatu usiowajua bila neno la Kiingereza, jaribu na mgeni langoni kwa kumwomba mzungumze Kihispania na akusahihishe: «¿Le parece si hablamos en español? Corríjame, por favor.» Gari likianza kunguruma utaomba kurudiwa zaidi ya ulivyozoea, kwa hiyo maelezo marefu yatoe mkiwa mmesimama.

Kama mko waongozaji kadhaa Nakuru, kuna njia isiyokula bando kabisa mkishapakua programu. OpenSimulator (kwa kifupi OpenSim) ni programu huria ya kuendesha ulimwengu kama huo kwenye kompyuta yenu wenyewe. Laptopu moja inakuwa seva, yaani ndiyo inayobeba ulimwengu huo, nyingine zinaunganishwa nayo kwa ruta ya kawaida hata isiyo na intaneti. Pakueni toleo la Firestorm lililotengenezwa kwa OpenSim, maana lile la Second Life pekee halitawafaa, kisha mweke anwani ya seva ikifuatwa na :9000. Kinachoshinda wengi ni kwamba aliye kwenye laptopu ya seva anaingia vizuri, wengine wanakwama. Karibu kila mara sababu ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza, katika faili la Regions.ini, mstari wa ExternalHostName umeandikwa 127.0.0.1, anwani ambayo kila kompyuta huielewa kuwa ni yenyewe. Andikeni hapo anwani halisi ya seva kwenye ruta, kwa mfano 192.168.0.10. Ya pili, ukuta wa usalama wa Windows umefunga lango la mtandao (port) la 9000, nalo lifunguliwe kwa TCP na kwa UDP pia, njia mbili za kusafirisha data. Humo jengeni lango la hifadhi, barabara na bango la maelekezo kwa Kihispania. Sauti hamtaihitaji kwenye mtandao kwa sababu mko chumba kimoja, ila kaeni mkiwa mmepeana migongo, ili mtu asisome uso wa mwenzake.